Ubavu wa Saba

Belyse alimfukuza Ntare siku ya tisa baada ya kumzika baba yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye bado amejifunga kitenge cheusi kichwani. Alifungua karakana yao ya mtaa wa Niboye akakuta sakafu nzima imepakwa rangi nyeupe, na Ntare amepiga magoti kwenye kona ya mwisho, brashi mkononi.

"Umefuta mchoro wa baba yangu!"

"Belyse, mpenzi..."

"Ulikuwa umebaki huo tu. Haya sema, kwa nini?"

Ntare alisimama. Aliweka funguo juu ya mashine ya kulehemu, akatoka.

Kwenye sakafu ile mzee Théoneste, baba yake Belyse, fundi aliyejifunzia kazi Bujumbura, alikuwa amechora boti ya chuma ya ziwa Kivu, kila ubavu, yaani upinde wa chuma unaoshika umbo la boti, kwa ukubwa wake halisi. Chuma kingekatwa kwa kufuata mistari hiyo.

Mwaka mmoja nyuma, Belyse alikwama kituo cha basi cha Remera, amevaa gauni la njano, ufito wa mita nne begani. Kila dereva alimkatalia.

"Dada, unakwenda kuangua maparachichi ya mji mzima?" kijana mmoja aliuliza.

"Shika ncha ya nyuma, wewe mwenye maneno."

Walitembea hadi Niboye. Kijana alikuwa Ntare, mchomeleaji aliyekulia Mwanza, na hakuondoka tena. Mzee alimfundisha: piga misumari kwenye alama, pitisha ufito, uache upinde wenyewe, kisha chora kwa kuufuata. "Ukiulazimisha, umejidanganya."

Tangu amfukuze Ntare, wiki tatu zilipita bila simu. Mwenye boti alikuwa anasubiri, kwa hiyo Belyse alichukua daftari la vipimo la baba, akaanza kuchora peke yake. Ubavu wa tano, wa sita, sawa. Kwenye wa saba ufito ulivimba kama shavu lenye jino bovu. Alipima tena. Wa sita ulikuwa sentimita 110, wa nane 113. Wa saba, baba alikuwa ameandika 121. Mwandiko ulikuwa umepinda. Baba aliuandika mwezi ule macho yake yalipoanza kufifia.

Aliweka ufito chini. Kisha akapiga simu.

"Ntare. Ubavu wa saba."

"Umeuona," Ntare akasema.

"Wewe uliuona lini?"

"Kabla mzee hajalazwa hospitali. Alikuwa ameulazimisha kwa misumari. Mistari yote ilipita hapo, isingefaa kurekebisha mmoja; ilibidi kufuta yote."

"Na nikakufukuza, ukanyamaza!"

"Ningesema nini, Belyse? Mzee kakosea? Wageni wa msiba walikuwa bado uani. Nilitaka abaki fundi machoni pa watu."

Belyse alilia bila kuficha sauti. Ntare hakukata simu.

"Uko wapi?"

"Kagarama."

"Njoo ushike ncha ya nyuma."

Belyse hakuifuta namba ya baba daftarini. Aliandika 112 chini yake. Jumatatu wanakata chuma.