Homa Iliyorudi

Dobi wa mtaa wetu tunamwita Mnyoosho, kwa sababu hakuna mkunjo unaomshinda. Mwaka jana alipata mafua makali, yaani influenza. Homa na kikohozi vilimlaza siku nne. Siku ya tano akapata nafuu, akarudi kwenye pasi yake.

Siku ya saba homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza.

"Inaaga tu," alisema mama yake, aliyekuwa akikunja mashuka. "Ugonjwa ukiondoka hugeuka nyuma mara moja. Piga pasi, mwanangu, jasho liitoe."

Mama ni mama. Mnyoosho akatii, huku anahema na kujishika kifua.

Muuguzi mmoja alikuja kuchukua sare zake. Alipomwona, sare akazisahau.

"Kaka, shati moja tu na unapumua mbio hivyo?"

"Mafua... yamerudi kuaga, jasho litayatoa," alisema Mnyoosho. "Ila kifua... kinachoma."

"Hayaagi, yamemkaribisha mwenzake! Mama, kitambaa kikisuguliwa mpaka kikachubuka, doa linakuwaje?"

"Linazama," alijibu mama. "Halitoki kirahisi."

"Basi virusi vya influenza vimechubua njia zake za hewa. Mle kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu nje. Vimeharibika, na kinga ya mwili imechoka. Bakteria waliokuwa wametulia puani na kooni wameteremka mapafuni. Hiyo ni nimonia. Jasho haliitibu. Twende hospitali sasa hivi."

Huko aliwekewa oksijeni na kupewa dawa za kuua bakteria. Alizimaliza zote, hata baada ya kupata nafuu. Mama alikaa kando ya kitanda akilia. "Nilitaka kumponya," alisema, "kumbe nilikuwa namuua."

Miezi michache baadaye influenza ikamkamata mama mwenyewe. Siku ya nne akapata nafuu. Siku ya sita homa ikarudi, na pumzi ikawa fupi. Mezani palikuwa na shati la bwana harusi, na mwenyewe anasubiri mlangoni.

"Zima pasi, mwanangu," alisema mama. "Hii haiagi."

Mnyoosho akazima. Walifika hospitali mapema, na baada ya siku tatu mama alirudi nyumbani, anacheka.

Bwana harusi alioa na mkunjo mgongoni. Mnyoosho anausimulia mkunjo ule kwa kila mteja, wala haoni aibu.