Nondo Aliyebandikwa Kisaju

Muhula huo klabu ya sayansi ilikuwa ikichunguza jamii moja ya nondo, vipepeo wa usiku wadogo kama punje ya mchele, na kubandika kila aina kwenye ramani mahali ilipopatikana. Amolo alipewa eneo la Kisaju, nyumbani kwa rafiki yake Soipan. Lakini Jumamosi uvivu ulimshika. Akakamata nondo jikoni kwao Kitengela, kando ya gunia la mahindi ambalo nyanya yake alituma kutoka Siaya, akaandika: "Kisaju, kwa kina Soipan." Nani angejua? Nondo ni nondo!

Jumatatu Mwalimu Nanjala, mlezi wa klabu, alimchunguza nondo huyo kwa kioo cha kukuzia. "Lo! Huyu hula mahindi, na mayai yake hayaonekani kwa urahisi. Soipan, mwambie mama akague ghala."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Soipan akainamisha uso, na Amolo akajifanya anaitazama ramani.

Jumatano, Soipan alikuja amechoka. "Tumechambua mahindi yote, hatujaona kitu. Lakini mama, Yeyo wangu, anasema kama wewe uliwaona, basi wapo. Jioni mfugaji wa kuku anakuja kuyachukua kwa bei ya bure."

"Yote?"

"Yote. Sijui tutakula nini."

Aibu ilimchoma Amolo hadi masikioni. Akamkimbilia Mwalimu Nanjala, akamweleza kila kitu. Baada ya masomo wote watatu wakaenda Kisaju.

Mama Soipan alikuwa uani, mahindi yameanikwa juu ya turubai. Kama kawaida ya Wamaasai wanaposalimia watoto, alinyoosha mkono amguse Amolo kichwani. Amolo akarudi nyuma.

"Usinisalimie, Mama. Nilidanganya. Nondo yule alitoka jikoni kwetu."

Mama Soipan aliyatazama mahindi yake. "Na mimi nikakuamini wewe kuliko macho yangu," akasema polepole. Amolo angeona afadhali achapwe kiboko.

Walirudisha mahindi maguniani pamoja.

"Njia ya mwongo ni fupi, Amolo," Mwalimu Nanjala alisema, "lakini wanaoumia njiani ni wengine. Kesho utamhamisha nondo huyo kwenye ramani hadi Kitengela, mbele ya darasa, na utamwomba Soipan msamaha hapo hapo. Na leo mahindi ya kwenu yakaguliwe. Wenye nondo ni ninyi!"

Amolo aliitikia kwa sauti ndogo. Mfugaji wa kuku alipofika, Mama Soipan alimwambia hakuna mahindi ya kuuza. Kisha akamgeukia Amolo.

"Sasa njoo nikusalimie."

Amolo akainamisha kichwa, machozi yakimtiririka, na mkono wenye vumbi la mahindi ukatua juu yake.