Waliokimbia Wakiimba

Soko la Manika, mjini Kolwezi, asubuhi ya Juni si mahali pa kuota ndoto, maana wauza mboga watakukanyaga vidole na wenye mikokoteni watakutukana wewe na ukoo wako. Lakini Banza alikuwa amesimama mbele ya meza ya mitumba, mkono juu ya kabuti la kijivu, na jua likapanda likamkuta vilevile. Hakuwa anachagua. Alikuwa amesahau alichokuja kufanya.

"Tata, hiyo kabuti unainunua ao unaioa?"

Aligeuka. Msichana mwembamba, sweta jekundu juu ya kitenge cha manjano, raba nyeupe miguuni, filimbi shingoni kama refa. Raba na kitenge, jamani! Banza akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Kilikuwa hakijamtoka tangu baridi ianze.

"Mi sijue, mama," akasema, na mwenyewe hakuelewa kwa nini alikuwa anamfungulia moyo mtu asiyemjua. "Baridi ikifika, kila mwaka, mi nakufaka kidogo. Siamuke, sikule, sitake kuona mutu. Kwetu banasema banaliniloga."

"Hakuna mutu alikuloga. Unalala mu nyumba siku muzima, jua itakupata wapi? Kuya kesho asubuhi pa kiwanja ya paroisse. Tunakimbiaka batu mingi, tunaimba. Mi njo nashikaka sifle," akasema akiigusa filimbi yake.

"Na kama sikuye?"

"Nitakuya kukuvuta mu kitanda, weye na kabuti yako."

Aliitwa Ndaya, binti wa Kazadi seremala, na alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana. Banza alikuwa dereva wa malori makubwa kwenye mgodi wa Mashamba, mpaka mashimo yalipojaa maji na kazi ikafa, mwaka huo wa 1992. Kesho yake alikwenda kwenye uwanja wa parokia kwa sababu ya aibu tu. Aliwakuta akina mama wanene, makarani wasio na ofisi, vijana wa vioski, wote wamejipanga safu mbili, pumzi zinafuka. Ndaya akapuliza filimbi, wimbo ukaanza, na safu ikaondoka ikipiga miguu kwa pamoja hadi madirisha ya mtaa yakatetemeka.

Siku za kwanza alitaka kufa. Baadaye akaanza kuamka kabla ya jogoo, akaanza kuoga bila kusukumwa, akaanza kusikia njaa.

"Chéri, inua magoti!" Ndaya alimpigia kelele mbele ya watu wote. "Mwanaume wa magoti ya kulegea, mi nitamufanyia nini?"

"Unioe, njo utajua!"

Safu nzima ikacheka, na kipupwe kilipoisha kila mtu Manika alijua kwamba wale wawili wamekwisha kupatana.

Kisha siasa ikaingia mjini, mbaya kuliko baridi. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa warudi kwao, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Ndaya mwenyewe alizaliwa mitaa miwili tu kutoka sokoni. Siku vijana wa chama kilichokuwa kikiwafukuza walipomfikia Kazadi, Banza, ambaye yeye ni mwenyeji, alikuwa mjini Fungurume anatafuta kazi. Aliporudi alikuta mlango umevunjwa, na familia nzima iko stesheni pamoja na maelfu wengine, chini ya shuka na mabati, wakingoja treni isiyokuja.

Juni ikarudi ikawakuta palepale. Banza alileta viazi kila jioni, na kila jioni alimkuta Ndaya amelala, uso kwenye sanduku, nywele hazijasukwa, sweta lile jekundu limekuwa rangi ya vumbi.

"Amuka mupenzi, tutembee kidogo."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Popote. Weye njo ulinifundisha."

"Nalikufundisha wakati niko na kwetu." Akavua filimbi shingoni. "Shika. Mi sina pumzi tena."

Banza aliijua hali ile kuliko mtu yeyote, na aliiogopa. Mzee Kazadi akamvuta kando. "Mutoto yangu anakufa macho wazi. Banza, kama unaweza kumuamusha, na yeye akubali, bakia naye hapa Kolwezi, umuoe. Mi sitakuomba kitu. Mi nitapanda treni na moyo mweupe."

Usiku ule Banza hakupata usingizi kwa furaha. Akawazungukia wenzake wa uwanjani waliobaki, akawaomba wakimbie naye hadi stesheni, wakakubali mara moja. Hakumwambia Ndaya; alitaka kumshtukiza. Na alfajiri wakaondoka, safu mbili, wakiimba kwa sauti kubwa, miguu ikipiga pamoja, Banza mbele na filimbi mdomoni.

Vijana wa chama walikuwa wakija hivyohivyo. Walikuja alfajiri, mbio, safu mbili, wimbo na filimbi, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Kolwezi nzima ililijua hilo, Banza pia alikuwa amesimuliwa. Lakini katika safu ile hakuna hata mmoja aliyewaza, maana wao walikuwa wakikimbia tu kama siku zote, na moyoni walikuwa na mapenzi matupu.

Stesheni ililipuka kwa hofu. Wanawake walinyakua watoto, watu wakapandana, masufuria ya uji yakamwagika. Kazadi alisimama mbele ya binti yake na nyundo mkononi, na umati uliokuwa ukikimbia ukambeba ukamwangusha juu ya reli.

Ndaya aliamka. Katika hilo Banza alifanikiwa. Aliamka, akasimama wima, akamwona.

"Weye, Banza? Na sifle yangu?"

"Ndaya, hapana! Tulikuya kufanya gym tu! Tulikuya kukuamusha!"

Nani angemsikia? Mawe yakaanza kuruka, na safu ikatawanyika. Treni iliyongojwa miezi mingi ikafika wiki ileile, kana kwamba ilikuwa inasubiri balaa hilo. Banza alikimbia kando ya behewa akilia bila aibu, akiita jina lake mpaka changarawe ikamwangusha. Ndaya alikuwa amepakata kichwa cha baba yake, wala hakuinua macho.

Mwezi wa nane Simone, karani wa parokia, alimwita Banza kwenye foni, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali. Ukimaliza kusema unasema "à vous" ili mwenzako ajibu, na maneno yakiisha unasema "terminé". Siri hakuna, chumba kizima cha wanaongoja zamu kinasikia.

"Banza? Njo mi, Ndaya. Niko Mwene-Ditu, mu Kasai. À vous."

"Ndaya! Mupenzi wangu, nisamehe. Hatukukuya kwa ubaya. À vous."

"Najua. Mutu wa kufukuza batu hakimbiake nyuma ya treni akilia. Lakini papa alikufa hatujafika Kamina. Tulimuzika pembeni ya reli. Sikuweza kumulilia na kukusamehe siku moja. Sasa nimekusamehe. À vous."

Banza akafuta uso kwa mkono wa kabuti. "Nitakuya huko. Nitakuoa hukohuko. À vous."

"Usikuye! Huku kila mutu alizika mutu njiani. Bakisikia jina yako na mahali unatoka, batakuua hata sijakuonesha kwa mama. Na mi sirudie. Nakupenda, Banza, na sirudie. À vous."

Ilikuwa zamu ya Banza. Redio ikakoroma. Kwenye benchi nyuma yake hakuna aliyelalamika kuhusu foleni. Kila mmoja alikuwa na mtu wake upande ule wa reli.

"Banza? Unalalaka tena siku muzima? À vous."

"Eeh. À vous."

"Uamuke, chéri. Hata peke yako." Safari hii hakungoja jibu. "Terminé."

Banza aliendelea kushika kile kipaza sauti. Simone akamwachisha taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akampa mama aliyekuwa nyuma yake.