Harufu ya Miche ya Eliza

Mvua iliponyesha Nyanungu, udongo ulishuka kutoka mlimani ukafunika mihogo ya Eliza. Mlima ulikuwa mtupu. Miti yake ilikatwa ikawa matimba, yaani nguzo za kuzuia mashimo ya dhahabu yasibomoke. Mwikwabe, mume wa Eliza, aliikata mingi kwa shoka lake mwenyewe.

Eliza akaotesha miche ya misindano. Alitaka kuipanda mlimani kabla udongo haujafika nyumbani. Bernadetha, bibi miti wa kata, akainyunyizia nusu yake dawa ya kuikinga na wadudu, ili waone tofauti.

Baada ya mwezi, miche yenye dawa ilikuwa mifupi, tena inanuka kali. Mwikwabe alirudi kutoka machimboni, akainusa, akaanza kuing'oa.

"Baba Ryoba, unafanya nini?" Eliza aliuliza.

"Kule shimoni harufu ikibadilika hatuulizi, tunatoka. Hii imeoza."

Maskini, pua hiyo ilimwokoa mara mbili shimoni. Angeacha vipi kuiamini? Eliza alilia, kisha akakimbia kumwita Bernadetha.

"Shikamoo, mama," Mwikwabe alisema, miche mkononi.

"Marahaba," Bernadetha alijibu. "Acha kwanza, mura, kijana wangu. Mti hauna miguu ya kukimbia. Mdudu akiutafuna, ndani yake hutoka homoni. Hiyo ni kama mjumbe. Inauambia mti utengeneze utomvu na harufu kali ya kumfukuza adui. Dawa yangu inafanana na mjumbe huyo. Miche imejiandaa mapema."

"Mbona haikui?"

"Nguvu ya mche ni moja. Ukijenga ua kwanza, nyumba inasubiri. Itarefuka tu."

Mwikwabe hakuridhika, lakini aliacha kung'oa. Eliza akairudisha udongoni ile iliyong'olewa, akaimwagilia.

Wiki ya tatu baada ya hapo wadudu wakaja. Walitafuna magome ya miche mirefu isiyo na dawa, karibu yote ikakauka. Ile mifupi waliionja kidogo wakaiacha. Mwikwabe aliitazama kwa muda mrefu. Aliona aibu, na hakuificha. Siku hiyo hiyo aliibeba mlimani, akaipanda kando ya visiki vya miti aliyoikata mwenyewe.

Sasa ni mwaka wa nne. Mvua ikinyesha, mihogo haifunikwi tena. Jioni Mwikwabe hupanda mlimani akakaa katikati ya misindano. Harufu ni ile ile kali.

"Baba Ryoba, hutoki?" Eliza humtania.

"Hapa nakaa," hujibu.