Jasho Limekata

Kiangazi kile Basra haikukosa wajinga, lakini bingwa wao alikuwa Sarmad, fundi viyoyozi, na leo mwenyewe anakiri.

Alikutana na Nibras mwezi wa sita kwenye foleni ya barafu, soko la Ashar, umeme ukiwa umekatika tangu alfajiri. Binti alikuwa mbele yake: abaya nyeusi, viatu vyeupe vya uuguzi, amekumbatia gunia la barafu lililokuwa likimchuruzikia hadi vidoleni.

"Dada, barafu yako inalia," Sarmad akamchokoza.

"Inakulilia wewe, kaka. Jua lote hili na kichwa wazi! Hicho kichwa umeazima?"

Jioni hiyohiyo Sarmad akanunua kofia. Mwezi wa saba ulipokwisha, simu zao zilikuwa za moto kuliko hewa, na Nibras alikuwa amekubali kuposwa, kwa sharti moja. Kiangazi kilichopita kaka yake, Laith, alianguka paani akifunga tangi la maji adhuhuri. Hakuamka.

"Kuanzia saa tano hadi saa kumi hupandi paa la mtu," alimwambia Sarmad. "Siku ukipanda, usinipigie tena."

Sarmad akaapa.

Ikafika siku ya posa. Wazee wangekwenda kwa akina Nibras baada ya magharibi. Shati la samawati lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Joto lilifika digrii hamsini na moja, hata ofisi zilifungwa. Na saa saba mchana, bwana posa alikuwa juu ya paa la Mama Ghazwan, mjane wa mtaa wa pili, akikaza kiyoyozi. Simu ikalia.

"Uko wapi, jicho langu?"

"Kivulini, roho yangu. Nakunywa chai ya ndimu."

"Mbona nasikia bati linagongwa?"

"Paka huyo."

"Paka ana nyundo?"

Sarmad akacheka, na kicheko kile kikachelewa kwisha. "Usihofu, bibie. Nimeshalizoea jua. Hata jasho limekata, ngozi kavu kabisa, nasikia kibaridi. Hivi, Nibras... leo ni siku gani?"

Pale zahanati, sindano ilimponyoka Nibras mkononi. Mtu wa kutokwa jasho saa saba mchana Basra, likimkata ghafla, hajapoa. Anaungua kwa ndani.

"Sarmad, uko paa la nani? Nijibu!"

"La Mama... huyu mama... Ghazwan..."

Kishindo. Kisha upepo tu. Nibras akaita, akaita tena, huku akikusanya barafu ya kwenye friji ya dawa. Mwishowe sauti ya kizee ikapokea, inahema.

"Nani wewe? Fundi kaanguka huku, mwanangu! Macho yamegeuka!"

"Ita majirani wamshushe ndani, mama! Mvueni shati, mmwagieni maji!"

"Namfungulia bomba la tangi—"

"Siyo la tangi! Maji ya paani yanaivisha yai, utambabua! Chota ya kwenye hita ya bafuni!"

Maana kiangazi kila nyumba huzima hita, na maji yaliyolala humo, ndani kivulini, ndiyo pekee yenye ubaridi. Mama Ghazwan alilijua hilo tangu ujana wake. Siku ile hofu ilimsahaulisha.

Teksi ilimfikisha Nibras dakika kumi baadaye. Barafu shingoni, barafu kwapani, barafu mapajani. Jirani mmoja akaleta glasi ya maji, Nibras akaisukuma. "Hajitambui, atapaliwa!" Sarmad alikuwa akiweweseka, akimwita Nibras kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Nibras aliendelea kumpepea kwa ncha ya abaya, machozi yakimdondoka.

Magharibi ilimkuta Sarmad hospitalini, dripu mkononi, fahamu zimerudi na ubishi wake umerudi nazo. Wazee wa posa walikuwa wamejipanga kwenye benchi la nje na kanzu zao safi.

"Uliniapia," Nibras alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Sarmad.

"Sasa ningemwachaje mama wa watu aungue, jicho langu?"

"Aungue nani?" Mama Ghazwan akadakia kutoka miguuni pa kitanda. "Nilikuwa bafuni, miguu ndani ya beseni, nimepoa kuliko samaki! Si nilikwambia uje alasiri?"

Sarmad akamgeukia Nibras. "Alasiri ningechelewa posa. Nibras, ningechelewa mbele ya baba yako, siku kama ya leo, ungenifanya nini?"

Nibras akakamua kitambaa, akakibandika kwenye paji la uso wake kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyohitajika.

"Ningekugombeza. Maiti ningemgombeza vipi?"