Kidonge Kizima cha Baba

Enzi za mama, nyumba hii haikujua kumeza kidonge kizima. Mama alikisaga kati ya vijiko viwili, akachanganya na asali, akawalisha watoto na mumewe. Binti yake, ambaye sasa ni mshonaji, hamsahau. Akisikia harufu ya asali, humkumbuka mama.

Basi baba, seremala mzee, alipoandikiwa dawa mpya ya presha, mshonaji hakuuliza mtu. Alisaga.

Siku ya tatu, muda mfupi baada ya dawa, baba aliinuka kuchukua randa. Akapepesuka, akaanguka. Nusura kichwa kigonge pembe ya benchi.

"Miguu imegoma," alisema, akijikaza kucheka.

Jioni kichwa kikamuuma vibaya. Mshonaji aliingiwa na hofu. Mama ameshaondoka, na baba je? Akamkimbilia jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alimpima mzee. Presha ilikuwa juu.

"Dawa unampaje?"

"Naisaga, kama mama."

"Ala! Hii haisagwi, mdogo wangu. Imetengenezwa iyeyuke polepole. Inaingia kwenye damu kidogo kidogo, kwa hiyo inakaa mwilini mpaka kesho. Ukiisaga, inaingia yote kwa mkupuo. Presha inashuka ghafla, mzee anaanguka. Halafu mwili unaimaliza mapema. Jioni hana kinga."

"Kumbe mama alitukosea?"

"Hapana. Vipo vidonge vinavyosagwa. Ila usisage, usikate, wala usitafune kabla ya kuuliza. Mgonjwa akishindwa kumeza, semeni. Atatafutiwa dawa nyingine. Na kesho mpeleke kliniki, kwa kuwa ameanguka."

Walikwenda. Kuanzia hapo baba alimeza kidonge kizima kwa maji. Baada ya wiki mbili presha ilitulia, na randa ikasikika tena uani.

Asubuhi moja mshonaji alimtazama, akashangaa.

"Baba, mbona unameza bila taabu? Si mama alisema huwezi?"

Mzee aliinamisha uso kama mtoto aliyefumaniwa jikoni.

"Naweza tangu ujana. Lakini mama yako alikuwa akinilisha kwa mkono wake. Ningemwambiaje aache?"

Mshonaji alicheka huku machozi yakimtoka. Akavuta kiti, akakaa karibu na baba yake mpaka mzee akamaliza maji.