Ijumaa ya Kidato cha Tatu C

Siku ya kwanza ya muhula ofisi ya walimu ilijaa pomoni. Walimu wa Lugha, wa Sayansi, wa Hisabati, wote walikuwa wamesongamana mbele ya ubao mmoja mkubwa, kila mtu na daftari lake, akinakili vipindi vyake. Wa nyuma anamwambia wa mbele ainame. Wa mbele anasema akiinama haoni. Ubao wenyewe ulipangwa kwa vikaratasi vya rangi: kijani Sayansi, manjano Lugha, buluu Hisabati, kila kimoja kimeshikwa na pini yake.

Katika vurugu hiyo akaingia mwalimu mpya wa kemia. Gauni la zambarau lilimkaa vizuri, koti jeupe la maabara lilikuwa mkononi, mkoba begani. Mgeni hajui pa kupita. Akapenya, akajipinda, na alipotaka kugeuka, mkanda wa mkoba ukanasa kwenye kona ya ubao. Akavuta.

Ubao ukaja chini wote.

Kimya kilichofuata, ungesikia pini ikibingirika, na kweli zilikuwa zinabingirika. Kisha sauti ya mwanamume ikapaa kutoka nyuma ya kabati:

"Jamani, msinikanyagie Kidato cha Pili!"

Akatokea mtu mrefu, mwembamba, shati la mistari limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu tatu mfukoni. Alipiga magoti akaanza kuokota. Huyo alikuwa mwalimu wa hisabati, na ndiye aliyepanga ratiba ya shule nzima. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bwana Ratiba.

"Nisamehe, kaka yangu," mwalimu wa kemia alisema, naye akapiga magoti na gauni lake zuri. "Ulipanga kwa siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Mungu wangu! Na kupanga upya?"

"Nikisaidiwa na aliyeangusha, leo tunamaliza."

Mwalimu wa kemia alimwangalia usoni aone kama ana hasira. Hana. Macho yanacheka. Wenzao wakaondoka mmoja mmoja, wao wakabaki sakafuni kama watoto wanaocheza.

"Vya kijani ndivyo vyako," Bwana Ratiba alimwambia. "Leo tu nakuruhusu uchague. Usimwambie mtu."

"Basi Jumatano kipindi cha nne na cha tano naomba nipumzike. Nikisimama tangu asubuhi magoti yananisuta."

"Ajabu. Na mimi napumzika hapo hapo."

"Tangu lini?"

Akachomoa kikaratasi cha buluu, akakihamishia Alhamisi. "Tangu sasa hivi."

Mapenzi yao yalianzia hapo chini, kati ya pini na vumbi.

Kila Jumatano kengele ya kipindi cha nne ikilia, Bwana Ratiba alipita nyuma ya maabara, kwenye kile chumba kidogo cha chupa na mizani. Birika lilikuwa limeshachemka. Dirishani jua liliingia likagonga chupa za kila rangi, ukuta ukapata madoa ya buluu na kahawia. Wanafunzi walishampa mwalimu wa kemia jina la Tindikali, kwa sababu ulimi wake ukikugusa, unajua umeguswa.

"Kikombe hiki, mwenzangu," Bwana Ratiba aliuliza mara ya kwanza, "hakikuwa na dawa?"

"Kilikuwa nayo. Kunywa tuone."

Alikunywa chote. Tindikali akacheka mpaka akaegemea kabati. Mkuu wa idara ya Lugha, mama wa makamo ambaye shule nzima ilimwita Shangazi, aliwasikia kutoka darasani kwake.

"Haya, endeleeni," alisema alipokutana nao mlangoni. "Mimi sijaona kitu. Ila kemia hii ina kelele."

Jioni walipigiana simu.

"Halo, Tindikali wangu."

"Halo, laazizi. Umekula?"

"Nimesahihisha madaftari themanini. Nimeshiba makosa."

Jioni moja sauti ya Tindikali haikuwa ya kawaida. Akaulizwa, akakataa. Akaulizwa tena, akaeleza. Mama yake, aliyekuwa akikaa naye, alipata kiharusi mwaka uliopita, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Hospitalini alipewa mazoezi kila Ijumaa saa nane mchana. Jirani aliyekuwa akimpeleka amehama. Yeye mwenyewe Ijumaa saa nane hadi saa kumi yuko na Kidato cha Tatu C, vipindi viwili vya mwisho. Amemwomba makamu mkuu wa shule ruhusa, kajibiwa: nani atakaa na Tatu C?

"Ijumaa tano sasa hajaenda," alisema. "Mguu unakaza. Mlango ukibishwa, anapiga kelele tu kutoka kitini, ingia. Mama yangu, aliyekuwa haketi!"

Bwana Ratiba aliweka kalamu chini. "Pole, kipenzi."

"Basi? Pole tu?"

"Pole sana."

Tindikali alikata simu akiwa amenuna. Mtu unamweleza la moyoni, anakupa pole kama mpita njia.

Muhula mpya ulipofunguliwa, ubao ukatundikwa, safari hii kwa misumari minne. Tindikali alikwenda akiwa amevaa lile gauni la zambarau, makusudi. Akaangalia Jumatano kipindi cha nne. Kikaratasi cha kijani. Cha tano, kijani tena. Tatu C, kemia. Akaangalia vya Bwana Ratiba siku hiyo: wazi, vyote viwili. Kwa hiyo yeye atapumzika, na mimi nitakuwa nasimama mbele ya watoto. Amenipangia kazi ili asinione.

Uso ulimwaka moto. Ijumaa yake aliiona ni nyeupe kuanzia saa saba, na moyo ukapata faraja kidogo. Makamu amenihurumia, alijisemea. Akamfuata hapo hapo.

"Asante sana, mkuu wangu. Umemsaidia mama yangu."

Makamu, ambaye hakujua asili wala fasili ya jambo lenyewe, alitikisa kichwa kwa heshima zote. "Wajibu wetu, mwalimu. Wajibu wetu."

Bwana Ratiba alikuja mbio kutoka uwani, jasho kwenye paji la uso. "Umeshaona ubao? Nilitaka nikueleze kabla..."

"Nimeona. Nimesoma. Nimeelewa."

"Sasa mbona..."

"Ulishindwa kuniambia kwa mdomo, umenibandikia ukutani na pini! Asante."

Walimu wawili wakajifanya wanatafuta chaki. Bwana Ratiba alichomoa kalamu, akairudisha mfukoni. Mtu huyu aliweza kuwapanga walimu arobaini bila wawili kugongana, lakini akiambiwa apange maneno matatu, anatoka jasho. Naye alijisemea: ameelewa kila kitu, na bado ananifokea. Amenichoka.

Jioni alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Siku ya tatu akasikia ofisini kwamba mwalimu wa kemia amechukua fomu ya uhamisho. Hakupiga tena.

Fomu hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mwombaji anajaza, mkuu wa idara anasaini, kisha inapita kwa mpanga ratiba aandike nani atachukua vipindi, ndipo inafika kwa mkuu wa shule. Tindikali alijaza yote, akaipeleka. Wiki ikapita. Wiki ya pili. Fomu haikurudi.

Jumatano alifundisha Tatu C, birika likiwa baridi nyuma ya ukuta. Nje ya dirisha alimwona mtu wa shati la mistari ameketi ngazini peke yake na kikombe kitupu. Akageukia ubao, akaandika kitu asichokijua. Watoto wakanakili.

Lakini Ijumaa zilikuwa baraka. Alimpeleka mama hospitalini, akamshika mkono, wakahesabu hatua: mbili, halafu tano. Ijumaa ya tatu mama akatembea hatua tisa bila kushikwa, akaketi kwenye benchi akihema na kupiga makofi kwa furaha.

"Mungu ambariki yule wa hospitali," alisema.

"Nani, mama? Nesi?"

"La, yule aliyenipigia simu wakati wa likizo. Kijana ana adabu huyo! Aliuliza, mama, mazoezi yanaanza saa ngapi, yanakwisha saa ngapi, na kutoka shuleni kwa mwanao ni mwendo wa dakika ngapi. Nikamjibu. Akasema asante mama, atajitahidi."

"Hospitali wanayajua mazoezi yao, mama. Wakuulize wewe ya nini?"

"Ndiyo na mimi nikashangaa. Nikasema labda wamepoteza daftari."

Tindikali aliomba simu ya mama. Akateremsha orodha ya simu za wakati wa likizo. Namba ile aliijua kwa kichwa. Alikuwa ameinyima jibu mara kumi na moja.

Alimrudisha mama nyumbani, akamlaza mguu juu ya mto, akatoka mbio. Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya ubao, ofisi tupu. Safari hii hakuangalia vyake peke yake. Alifuata rangi kwa kidole. Kijani cha Tatu C kimetoka Ijumaa, kimeingia Jumatano. Jumatano hiyo Tatu C walikuwa na nini zamani? Manjano, somo la Shangazi. Manjano imehamia Jumanne. Na Jumanne palikuwa na buluu. Buluu imekwenda...

"Ijumaa," Shangazi alisema nyuma yake, miwani puani. "Vipindi viwili vya mwisho, na Tatu C, chini ya lile paa la bati linalowaka. Hakuna mwalimu anayevitaka vile hata kwa kuburutwa. Alinisumbua wiki nzima likizo, Shangazi tafadhali, nipe Jumatano yako chukua Jumanne yangu. Nikamwuliza, mwanangu, unajua unapoteza chai yako? Akasema anajua."

"Mbona hukuniambia, Shangazi?"

"Uliniuliza? Wiki zote hizi unaingia humu umefura kama chura, nani akusogelee?"

Tindikali alicheka na machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja.

Darasa la Tatu C lilikuwa la mwisho kabisa, ukutani mwake jua la alasiri limepiga. Alisimama karibu na dirisha. Watoto walikuwa wanajipepea kwa madaftari, wengine wamelalia meza. Bwana Ratiba alikuwa ubaoni, shati limemgandia mgongoni, anaeleza pembetatu kwa upole uleule, kama vile ni asubuhi na kila mtu yuko macho. Kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje. Yeye akatoka wa mwisho, chaki hadi kwenye nyusi, akamwona.

Akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Fomu yako," alisema. "Nisamehe nimekuchelewesha. Palipoandikwa nani atachukua nafasi yake, nimeshindwa kujaza. Kila nikishika kalamu..." Akaikunjua karatasi. "Nitajaza leo, kama ndivyo unavyotaka."

Tindikali aliipokea. Akaichana mara mbili, akaviweka vipande kwenye kiganja cha mwenzake chenye chaki.

"Mama amepiga hatua tisa leo," alisema.

"Tisa!" Uso wa mwanamume ukang'aa wote. "Peke yake?"

"Peke yake. Anambariki mtu wa hospitali aliyempigia simu likizo. Na mimi nimempa asante makamu. Nimemshukuru mtu mwingine kwa kazi ya mkono wako, na wewe nikakunyima hata halo. Kwa nini hukusema, laazizi?"

"Nilikuja kusema. Ukaniambia umeelewa."

"Mimi huwa naelewa upesi mno."

"Nimeona."

Wakacheka, wakaegemea ukuta uleule wenye moto. Alimpangusa chaki kwenye nyusi kwa ncha ya kanga yake, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. "Asante," alimwambia, mara ya kwanza. Akarudia mara ya pili, polepole.

"Kesho Jumamosi," Bwana Ratiba alisema. "Huna kipindi?"

"Sina."

"Nataka nije kwa mama. Kwa miguu yangu, mchana kweupe. Nina jambo la kumwomba, na jambo lenyewe ni wewe."

"Na mimi hujaniomba."

"Nakuomba."

"Njoo saa nne," alisema. "Usichelewe, nami nitachemsha birika."

Saa nne kamili mlango ukabishwa. Tindikali aliinuka, lakini mama alimwonyesha kwa kidole arudi akae. Akashika mikono ya kiti, akajiinua. Hatua moja. Nyingine. Nje mtu alisubiri, hakubisha tena. Hatua ya tisa ikapita, ya kumi, ya kumi na moja, mkono ukafika kwenye komeo.

"Nani?" mama aliuliza, anahema.

"Mtu wa hospitali, mama."

Mama akafungua mlango mwenyewe.